Kushushiwa kii siyo kushushwa cheo

Juzi jioni nipo zangu kwenye kifodi, daladala yetu ya Arusha, natoka Njiro, nimebanwa dirishani na mfuko wa parachichi wa mtu, simu ikaita. "Mwalimu, habari za jioni, mimi ni mama wa yule kijana wa shati la bluu kwenye odisheni ya Jumamosi, naomba kuuliza tu kwa roho safi. Kwani hakufika ile noti ya juu?" Nikamwambia alifika mama, tena aliifika vizuri. "Sasa mbona jina lake halipo kwenye orodha?"

Nimeshaulizwa hili swali mpaka nimechoka. Na wazazi, na walimu wenzangu wa kwaya, na kondakta mmoja kwenye stendi ambaye hata kuimba haimbi. Wote wanaamini kitu kimoja, kwamba odisheni ya myuzikali, lile igizo la kuimba na kucheza, ni kupanda juu, aliyefika juu zaidi kapata, aliyekwama kakosa, na aliyefika akakosa basi kuna undugu hapo ndani. Mimi ndio nakaa kwenye kinanda kwenye hizo odisheni zetu, wapo pia mwongozaji na dada wa dansi, na nawaambieni ukweli: ile noti yako ya juu mara nyingi ndio wakati mimi nafunua karatasi ya mtu anayefuata.

Sauti ina noti za kutembelea na noti za kuishi. Hizi ni habari mbili tofauti kabisa na watu wanazichanganya kila siku. Sisi hapa tunaishi na mlima, muulize mgumu yeyote aliyebeba mizigo ya wageni: kilele cha Uhuru pale Kilimanjaro ni mita 5,895, mtu anafika anatetemeka, anapiga picha kwenye lile bango, anashuka. Hajapeleka godoro pale. Sasa wewe unakuja odisheni unaniambia naishi kileleni, mimi nasikia kabisa unatweta. Myuzikali ni masaa mawili na zaidi, unaimba, unaongea, unacheza, unapandishwa kwenye meza, unaimba tena, na kesho yake hivohivo. Huko Broadway ni maonyesho 8 kwa wiki. Sisi wikiendi moja inatutosha na bado kila mwaka kuna mtu Jumapili anaongea kama bata.

Na siyo uvivu, ni mwili. Ile noti A ya kupimia ala ni 440, maana yake nyuzi za sauti zinafunga na kufunguka mara 440 kwa sekunde moja, panda oktavu moja, yaani kutoka do mpaka do ya juu yake, ni 880. Fanya hivyo ukiwa umekaza shingo halafu uje uniambie tangawizi itakuokoa. (Tangawizi, yai bichi, asali na limao, vyote vinapita njia ya chakula, havigusi nyuzi kabisa, vingezigusa ungepaliwa. Kunywa maji, tena tangu jana yake. Nimemaliza.)

Turudi. Tunakupa bar 16, yaani vipande 16 vifupi vya wimbo. Wimbo wa mapigo manne kwa bar, kwenye mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, hayo ni mapigo 64, yaani sekunde 32, basi. Mtu anakuja anatumia sekunde 25 ananong'ona huku akiisubiri ile noti, macho yanaangalia dari, mikono imekufa, halafu anapiga ukelele mmoja na kutuangalia kama majaji wa kwenye TV, anasubiri tusimame. Hatusimami. Hizo sekunde 25 ndizo nilikuwa nazitaka! Kwenye igizo muda mwingi utakuwa hukohuko katikati, ndiko maneno yanakosikika, ndiko mtu wa kiti cha nyuma anajua kama unamwomba mtu msamaha au unamdai hela. Ukumbi wetu wenyewe maiki ni mbili za kuning'inia na moja ina hasira zake.

Sasa huyu kijana wa shati la bluu. Chalii mzuri, kaja kutoka Usa River, kaamka gizani. Akaimba kwenye kii ya G (kii ndiyo kimo cha wimbo mzima, noti inayobeba do), ana mstari pale anamwomba baba yake radhi, na mishipa ya shingo imesimama kama kamba za hema. Noti kaifika. Lakini baba hakuombwa radhi pale, alifokewa. Nikamwambia subiri, nikabonyeza transposi, kile kitufe cha kuhamisha kii kwenye kinanda, nusu hatua tatu chini, tukawa kwenye E, nikamwambia imba tena usibadilishe kitu. Bwana wee. Bega likashuka, akavuta pumzi mahali pake, kwenye neno "baba" akasita kidogo sana, dada wa dansi akaacha kuandika. Nikajua tumepata mtu. Halafu akaharibu yote, alipomaliza tu akaniuliza kwa uso wa mtu aliyefukuzwa kazi: "Mwalimu, umenishusha?" Na alipoombwa arudie mara ya tatu akapanda mwenyewe kurudi G, kwa nguvu, bila kinanda, ili atuonyeshe. Ndio maana jina halipo. Noti haina kosa. Aliambiwa kitu, akakifanya vizuri, halafu akakikataa, na mwongozaji anaogopa mtu wa hivyo kuliko anavyoogopa mtu wa kuimba chini.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hawa watu ni wa solfa, zile noti za do re mi! Wamekulia kwenye kwaya, wanasoma d m s kuliko wanavyosoma SMS. Curwen, yule Mwingereza wa karne ya 19 aliyeieneza solfa, alitaka watu wa kawaida waimbe bila kuhangaika na ile mistari mitano ya kuandikia noti, na utamu wake wote ni kwamba do inahama. Pale juu ya karatasi imeandikwa "Doh ni G", kata, andika E, do bado ni do, wimbo haujapungua hata senti. Mwanakwaya anajua hili kila Jumapili, mwalimu wake akiona baridi ya Julai imekaba watu koo anashusha na hakuna anayelia. Mtu huyohuyo akisikia neno odisheni, kii inageuka kuwa cheo. Na sauti ya pili nao wanakuja wananiomba niwapandishe sauti ya kwanza, wakati mtu wa kushika sauti ya pili bila kuvutwa na jirani ndiye namtafuta kwa tochi.

Haya, na mimi nikiri. Kuna nafasi ambazo noti ya juu imeandikwa na haikwepeki, na igizo tulilolikodi kwa leseni kutoka nje huwezi kujibadilishia kii kama la kwako, lazima uombe ruhusa. Hapo kweli nitakupima juu, ila nitakuambia mapema. La pili, masikio yangu ya saa nne asubuhi siyo ya saa tisa baada ya wali maharage, najua, na sijapata dawa yake. Kuna dada nilimwandika "hapana" miaka mitatu iliyopita, baadaye nikamsikia kwenye send-off moja kule Sakina nikaona aibu mpaka nikahamia meza ya nyuma. Na sekunde 32 zinampendelea asiyeona haya, mtu mpole anahitaji dakika kumi ndio afunguke, na mimi dakika kumi mara watu hamsini sina. Wakati mwingine nahisi tunachagua watu wazuri wa odisheni, siyo wazuri wa igizo. Mwongozaji ananiambia ninyamaze ili kazi iende.

Ukija, njoo na biti kwenye simu ukipenda, ila ujue biti haishuki kirahisi kama kinanda. Na usinipigie vidole kunionyesha mwendo, niimbie mstari mmoja polepole nitakufuata.

Mama, kuna odisheni ya wahusika wadogo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tatu. Kijana aje na wimbo uleule. Kwenye E.