Ile michirizi myeupe kwenye mawe ya Dodoma

Mgeni akishuka Dodoma mwezi wa Oktoba, vumbi likimpiga usoni na mibuyu haina hata jani moja, husema: "Kumbe hili ni jangwa!" Hapana. Kwa wastani tunapata mvua ya kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, wakati jangwa kwa kawaida halifikishi 250. Shida yetu ni kwamba mvua yote inamwagika kati ya Desemba na Aprili, kisha basi. Mimea na wanyama wa hapa wamejipanga kwa kalenda hiyo. Mbuyu hupukutisha majani ili usipoteze maji, na chini ya ganda lake kuna utando wa kijani unaoendelea kutengeneza chakula. Ukwaruze kidogo kwa ukucha, utauona.

Lakini mimi ni mtu wa mawe, kwa hiyo twende mlimani.

Graniti za Dodoma zina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ziliganda chini sana ardhini, na mzigo wa juu ulipomomonyoka zilitanuka, zikapasuka na kubanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Kwenye nyufa hizo ndiko anakoishi pimbi. Jina lake tumeligeuza tusi, tunawaonea! Mnyama huyu mwenye umbo la sungura asiye na masikio marefu ni ndugu wa tembo.

Sasa angalia michirizi myeupe kwenye miamba. Wengi hudhani ni kinyesi cha ndege, na mwanafunzi mmoja aliwahi kuniambia ni chokaa ya wapimaji. Ni mkojo wa pimbi. Maji yake mengi huyapata kwenye majani anayokula, na figo zake huyabana mpaka mkojo unatoka mzito wenye madini ya kalsiamu, ambayo hubaki yameganda juu ya jiwe. Pimbi hujisaidia mahali pale pale, kizazi baada ya kizazi. Huko Namibia na Afrika Kusini wanasayansi wamekata marundo ya zamani yaliyogeuka magumu, wakakuta chavua ya mimea ya maelfu ya miaka, na kwa hiyo wakasoma hali ya hewa ya wakati huo.

Mvua ikinyesha juu ya jiwe tupu haina pa kuzama, inateremka hadi miguuni mwa mlima. Ndiyo maana mitini hustawi pale. Kwenye bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, yaliko mabomba ya visima vyetu, vipimo vya miaka mingi vinaonyesha maji ya ardhini hujazwa zaidi na misimu ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Mvua iliyobomoa barabara ndiyo iliyojaza visima.

Ukitaka kuwaona pimbi, fika saa moja asubuhi wakiwa wanaota jua. Kaa mbali, usitupe jiwe. Mmoja akipiga kelele na wote wakatumbukia kwenye ufa, inua macho: huenda kuna tai.