Umelipa notisi, hujanunua ruhusa ya kufukuza

"Wakili, si nilimlipa notisi yake? Sasa ananipeleka CMA kwa lipi?" Safari hii ni mwenye gesti wa Nkuhungu, Dodoma, aliyeitwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, na mfanyakazi aliyemfukuza, na amekasirika kwelikweli. Swali hili limeshanikinai. Wafanyakazi nao wanaamini hivyohivyo: ukipokea hela ya notisi, kesi umeiuza.

Hapana. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinadai taarifa: siku zisizopungua 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, 4 kwa wa kutwa au wa wiki, 7 ukiwa bado mwezi wa kwanza kazini. Mwajiri asiyetaka kukuona tena anakulipa siku hizo uende. Kwa nini anakuondoa, na kama ulisikilizwa, ni mambo mengine kabisa, na kifungu hichohicho kinakuachia haki ya kuyapinga. Bosi aliyelipa notisi bila sababu wala kikao cha nidhamu amelipa deni dogo. Kubwa bado liko palepale.

Kinachoniudhi zaidi ni fomu. Mlinzi anafukuzwa bila senti, anakwenda CMA na hasira ya notisi tu. Kwenye CMA F1, fomu ya kufungulia mgogoro, anajaza madai ya notisi; Sehemu B, ya kuachishwa kazi, anaiacha nyeupe. Anakuja kwangu wiki ya saba. Mgogoro wa kuachishwa una siku 30 za kuufungua, madai mengine 60. La notisi tunaliwahi. Lile la maana sasa ni kuomba kuongezewa muda, na "sikujua sheria" haijawahi kunisaidia pale.

Kiinua mgongo ni kitu kingine tena: siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati, na kwa kosa zito hata notisi anaweza kuikosa. Watumishi wa umma, ambao Dodoma mmejaa, anzeni na rufaa zenu za utumishi kabla ya CMA.

Nisichoweza kukuapia ni ile karatasi ya "nimepokea stahiki zangu zote, sina madai." Kama mlikaa mkaelewana, inaweza kukufunga. Kama ulisainishwa getini huku nauli imeshikiliwa, nitaipinga, lakini wapo waamuzi watakaokuelewa na wapo watakaotazama saini tu. Ukilazimika kusaini, andika kwa mkono juu ya jina lako: "nimepokea notisi tu." Wakikataa, piga picha karatasi kabla hujairudisha.