Je, wajua kwa nini watu waliogopa mfuko wa dukani kuliko mtu aliyesimama nyuma yao kwenye foleni?

Machi 11, 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia nzima. Katika wiki zilizofuata, nchi nyingi ziliwaamuru watu wakae ndani na kuwaruhusu kutoka kwa mambo machache tu, kununua chakula likiwa mojawapo. Kazi ambayo mtu alikuwa akiifanya huku akili yake iko kwingine ikaanza kumkosesha usingizi tangu usiku wa kuamkia siku ya kwenda dukani.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Ajabu ni mahali ilipoelekea. Watu walifuta kila kopo kwa dawa, wakaacha pakiti barazani siku tatu, wakavaa glavu, lakini hao hao walipofika kwa keshia wakashusha barakoa hadi kidevuni ili wasikike vizuri.

Mwaka 1987, mwanasaikolojia wa Marekani Paul Slovic alieleza katika jarida la Science kwamba watu hawapimi hatari kwa takwimu peke yake. Tishio linakuzwa na mambo mawili. La kwanza ni kitisho chenyewe: kwamba linaua, na mtu anahisi hana uwezo wa kulizuia. La pili ni ugeni wake: halionekani, halijazoeleka, na madhara yake yanachelewa kujitokeza. Virusi vya korona vilitimiza masharti yote hayo kwa mpigo. Aliyeviambukiza huenda hakuwa na dalili yoyote, na aliyeambukizwa alikaa kwa wastani siku 5 hadi 6, pengine hadi 14, kabla ya kuumwa.

Hizo siku 14 zilikuwa mateso ya aina yake. Anayekwenda dukani kila wiki anaanza hesabu mpya kabla ya ile ya zamani kwisha. Koo likiwasha Jumatano, anajiuliza ni safari ipi. Hakuna siku ambayo hesabu inafika sifuri akapumua.

Katika hali hiyo, akili hutafuta kitu cha kushika. Hewa ya dukani haishikiki wala haifutiki. Kopo linashikika, linafutika, na ukimaliza unaona limeng'aa. Ndiyo maana kopo likabeba lawama yote.

Namba zilizosomwa nusu

Machi 2020, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha vipimo vya maabara: virusi viligundulika vikiwa hai kwenye plastiki na chuma cha pua hadi siku 2 au 3, kwenye kadibodi hadi saa 24, kwenye shaba hadi saa 4, na hewani katika muda wote wa jaribio, yaani saa 3. Vyombo vya habari vikachukua “siku tatu kwenye plastiki”, na kuanzia hapo kila mfuko ukaonekana una sumu ya siku tatu.

Kilichoachwa nje ya vichwa vya habari ni kasi ya kupungua. Katika vipimo hivyo, virusi vilivyokuwa hai kwenye plastiki vilipungua kwa nusu kila baada ya saa 6.8 hivi. Piga hesabu: baada ya saa 24 vimebaki kama asilimia 9 ya vile vya mwanzo, baada ya saa 48, chini ya asilimia 1. Kwenye kadibodi muda wa kupungua nusu ulikuwa karibu saa tatu na nusu, kwa hiyo boksi lililolala stoo usiku mmoja limeshapoteza sehemu kubwa mno ya mzigo wake. “Siku tatu” ilikuwa siku ya kuokota mabaki ya mwisho, tena kwenye maabara ya nyuzi 21 hadi 23 na unyevu wa asilimia 40, bila jua na bila upepo, kutokana na dozi ambayo watafiti waliiweka kwa makusudi.

Ili pakiti ikuambukize, mambo kadhaa lazima yafuatane bila kukatika. Mgonjwa aikoholee au aishike kwa mkono uliolowa mate au kamasi. Virusi vya kutosha vibaki hai hadi uichukue. Vihamie mkononi mwako (na ni sehemu tu inayohama). Kisha uguse jicho, pua au mdomo kabla ya kunawa. Kukata mnyororo huo kunahitaji sabuni mara moja tu, pale mwisho.

Julai 2020, mtaalamu wa mikrobiolojia Emanuel Goldman aliandika katika The Lancet Infectious Diseases kwamba hatari ya vitu vya kushikwa ilikuwa imetiwa chumvi. Aprili 2021 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kikatoa makadirio yake: kugusa mara moja mahali penye virusi kwa kawaida kuna uwezekano wa chini ya 1 kati ya 10,000 wa kusababisha maambukizi. Haikuwa sifuri, na kwa miezi ile ya mwanzo tahadhari ilieleweka. Lakini nguvu za watu zilikuwa zimeishia kwenye beseni la jikoni.

Dawa ilipodhuru kuliko ugonjwa

Ripoti ya CDC ya Aprili 2020 inaeleza kisa cha mwanamke aliyesikia kwenye habari kwamba vyakula vyote vya dukani visafishwe kabla ya kuliwa. Alijaza sinki mchanganyiko wa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo kwa asilimia 10, siki na maji ya moto, akaloweka mboga na matunda. Akiwa bado anasafisha vitu vingine, akasikia harufu kali, akaanza kukohoa na kifua kubana, akapiga simu ya dharura. Hospitali walimpa oksijeni na dawa ya kufungua njia za hewa, akaruhusiwa saa chache baadaye. Klorini ikikutana na siki hutoa gesi yenye sumu; ikikutana na amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu vilevile. Na hakuwa peke yake: katika utafiti wa Mei 2020 uliohoji watu wazima 502 nchini Marekani, asilimia 19 walisema walikuwa wametumia klorini kwenye chakula.

Kosa la pili lilikuwa kimya zaidi. Waliokaza “kuacha vitu nje siku tatu” waliacha hata nyama na maziwa kwa saa kadhaa. Kati ya nyuzi 4 na 60 za Selsiasi, bakteria wa chakula wanaweza kuongezeka maradufu ndani ya dakika 20. Chakula kinachooza haraka kiingie kwenye friji ndani ya saa 2, au saa 1 kama joto limepita nyuzi 32. Kuhara kutokana na nyama iliyoharibika ni hatari ya uhakika zaidi kuliko ile iliyokuwa ikikimbiwa.

Sabuni nayo haifai kwenye matunda na mboga. Ngozi za mimea zina vitundu, sabuni huingia, na ukiimeza inaleta kichefuchefu na kuhara. Maji safi yanayotiririka yanatosha. Vyenye ganda gumu visuguliwe kwa brashi.

Dakika, watu na hewa

Hatari kubwa iko pale watu wanapopumua hewa moja. Mtu anapoongea hutoa matone makubwa yanayoanguka karibu, pamoja na chembe ndogo sana, erosoli, zinazoelea kama moshi wa sigara ndani ya chumba kilichofungwa. WHO ilianza kwa kushauri umbali wa angalau mita 1, Marekani ikasema kama mita 2. Umbali unasaidia sana dhidi ya matone, lakini moshi huo haujali alama za rangi zilizochorwa sakafuni. Duka lenye dari ya juu na milango wazi ni salama kuliko kijiduka chenye joto, mlango mmoja na watu wanane ndani. Sauti kubwa hutoa chembe nyingi kuliko ya chini, kwa hiyo mabishano kwa keshia ni mabaya kuliko kupishana na mtu kwa sekunde tatu kati ya rafu. Kupishana huko ndiko kulikowashtua wengi, na kulistahili mshtuko mdogo kuliko vyote.

Kwa hiyo kinachopunguzwa ni muda wa kukaa ndani. Safari tatu za dakika 20 kwa wiki zinafanya saa nzima; safari moja kubwa huenda ikaisha kwa dakika 35, kwa sababu kuingia, kutafuta na foleni vinafanyika mara moja. Andika orodha kwa mpangilio wa duka, siyo kwa mpangilio wa mapishi: vikavu kwanza, vya usafi vifuate, vya baridi mwisho. Pembeni ya kila kitu muhimu andika mbadala wake mapema. Dakika nyingi hupotea mbele ya rafu tupu, mtu amesimama anafikiria sasa anunue nini, huku watu wakimpita nyuma na mbele. Nenda peke yako, saa ambazo watu ni wachache. Ukikuta foleni ndefu ndani ya duka, geuka urudi baadaye. Foleni ya nje haina shida hiyo.

Kiasi cha kununua kikadirie kwa siku, usikadirie kwa wasiwasi. Hesabu milo ya siku 7 hadi 10, ongeza siku 3 za akiba, basi. Kujaza stoo ya miezi miwili kunamaliza rafu, na rafu zikiisha majirani wanalazimika kuzunguka maduka manne badala ya moja. Hapo msongamano umeongezwa na aliyetaka kuukwepa.

Barakoa ina kosa moja linalojirudia: mianya. Bana waya juu ya mfupa wa pua kwa vidole viwili vya kila mkono, ukianzia katikati kwenda pembeni. Kisha weka viganja kandokando ya mashavu na upumue kwa nguvu. Ukihisi upepo kwenye viganja, au miwani ikiingia ukungu, kaza mikanda kwa kupiga fundo dogo karibu na kitambaa. Pua ikiwa nje, barakoa hiyo ni pambo. Na usiishushe ili uongee. Hapo ndipo inapohitajika.

Glavu ziache. Mkono wenye glavu hushika toroli, simu na uso sawasawa na mkono mtupu, ila aliyeivaa hanawi. Beba sanitaiza yenye alkoholi isiyopungua asilimia 60, tia ya kujaza kiganja, sugua hadi ikauke, sekunde 20 hadi 30. Kwenye mikono yenye matope au mafuta haifanyi kazi vizuri.

Nyumbani utaratibu ni mfupi: tua mfuko, nawa kwa sabuni sekunde 20, panga vitu, nawa tena. Virusi hivi vimezungukwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja kama inavyovunja mafuta ya sufuria. Ukitaka kufuta meza au vitasa, tengeneza klorini ya asilimia 0.1: ml 20 za dawa yenye nguvu ya asilimia 5 kwenye ml 980 za maji. Lebo ikisema asilimia 3.5, weka ml 30 na uongeze maji hadi lita moja. Yaache yakae dakika moja kabla ya kukausha. Tengeneza mapya kila siku, maana yanapoteza nguvu.

Hofu inayokataa kuondoka

Kufuta pakiti kunatuliza, na hapo ndipo mtego ulipo. Kila usipougua, akili inampa kitambaa sifa, na safari ijayo inadai ufute mara mbili. Dawa yake ni kuweka kikomo kabla ya kutoka, ukiwa umetulia: nitanawa mara mbili, sitafuta pakiti, nguo sibadilishi. Ukirudi, fuata ulichoandika hata moyo ukibisha. Wasiwasi hupanda, hukaa, kisha hushuka wenyewe usipolishwa.

Moyo ukienda mbio dukani na kuhisi barakoa inakunyima hewa, mara nyingi ni kupumua kwa haraka kunakofanya hivyo. Vuta pumzi kwa kuhesabu nne, itoe kwa kuhesabu sita, mara tano au sita, ukiwa umesimama kando na watu. Taarifa ya habari isikilizwe jioni. Kuisikiliza dakika kumi kabla ya kutoka ni kujichokoza. Lakini mtu akianza kulala njaa ili asitoke, au akinawa hadi ngozi inapasuka, hapo ameshavuka tahadhari na anahitaji kuongea na mtaalamu wa afya ya akili, hata kwa simu.

Mwenye homa, kikohozi au aliyekaa na mgonjwa asiende dukani kabisa, na mzee au mwenye maradhi sugu ni bora aletewe. Orodha itumwe kwa simu, malipo yakamilike kabla, mfuko uwekwe mlangoni, anayeleta agonge na kurudi nyuma. Anayepokea aingize vitu, anawe, vya baridi viende friji mara moja. Makabidhiano yakifanywa hivyo, kinachobaki cha kuangaliwa ni yale maongezi ya robo saa kizingitini, ambayo yafanyike nje penye upepo au yahamie kwenye simu.