Je, wajua? Kwa nini mfungaji bora wa vijana wa Ulaya aligeuka kuwa beki wa kulia

Mwaka 2004, katika mashindano ya Ulaya ya vijana wa chini ya miaka 19 yaliyochezwa Uswisi, mmoja wa waliomaliza kileleni mwa orodha ya wafungaji alikuwa kijana kutoka Poland aitwaye Łukasz Piszczek, aliyepachika mabao 4. Miaka saba baadaye kijana huyohuyo alikuwa bingwa wa Ujerumani akiwa na Borussia Dortmund, lakini si kama mshambuliaji tena. Alikuwa beki wa kulia, na beki alibaki hadi alipoiaga klabu hiyo mwaka 2021. Ilikuwaje?

Jibu nililoliamini kwa muda mrefu, na ambalo bado nalisikia kila mazungumzo ya mpira yanapofika kwa mabeki wa aina yake, ni kwamba alishindwa kufunga, basi akarudishwa nyuma. Jibu hilo limetoka kwenye viwanja vya mtaani tulikokulia. Pale, watoto wawili wenye kipaji huchagua timu, wanaojua kupiga chenga hukimbilia mbele, na aliyebaki mwisho huambiwa akae nyuma azuie tu. Mtu aliyelelewa na mpira wa namna hiyo, akisikia kwamba mshambuliaji amegeuzwa kuwa beki, husikia kwamba ameshushwa cheo.

Rekodi zenyewe hazikubaliani na dhana hiyo. Hertha Berlin, klabu ya Ujerumani, ilimsajili mwaka uleule wa 2004 na kumpeleka kwa mkopo Zagłębie Lubin ya Poland, na katika msimu wa 2006/07 alifunga mabao 11 ya ligi, Zagłębie ikatwaa ubingwa wa Poland. Huyo si mshambuliaji aliyeshindwa. Ni kweli kwamba aliporejea Berlin mabao yalipungua sana, na hapo ndipo wenye dhana ile hupata nguvu. Lakini wanasahau kwamba nafasi ya beki haina maficho. Mshambuliaji akikosea, timu imepoteza nafasi moja na mchezo unaendelea. Beki akikosea, kipa anaokota mpira wavuni. Tena wapinzani wakigundua kwamba upande fulani una mtu dhaifu, watapitisha kila shambulizi upande huo mpaka kocha amtoe. Hakuna kocha wa ligi kubwa anayemhifadhi mchezaji asiyemtaka mahali kama hapo. Akimweka, ni kwa sababu ameona kitu.

Kuhusu safari yenyewe, inatosha kusema kwamba Piszczek alizaliwa mwaka 1985 kusini mwa Poland, akakulia Goczałkowice-Zdrój, akaanza kuchezeshwa nyuma akiwa Hertha, timu ikashuka daraja mwaka 2010, naye akahamia Dortmund bila ada ya uhamisho. Alipofika, beki wa kulia aliyetangulia kuwapo alikuwa Patrick Owomoyela. Majeraha ya Owomoyela yakafungua nafasi, na Piszczek alipoingia hakutoka.

Kitu ambacho makocha huona kwa mchezaji wa namna hii kinahusu upande anaoelekeza uso wake. Mshambuliaji wa kati mara nyingi hupokea mpira akiwa ameligeuzia goli mgongo, huku beki akimpumulia kisogoni. Ni kama dereva anayelazimika kutoka kwenye uchochoro kwa kurudi nyuma: uchochoro anaujua, gari anaiweza, lakini anaongozwa na vioo, na kila hatua inamchukua muda. Beki wa pembeni ni dereva yuleyule aliyegeuza gari. Uwanja wote uko mbele ya macho yake, kushoto kwake wako wenzake, na kulia kwake kuna mstari ambao hakuna adui anayeweza kutokea nyuma yake. Kwa hiyo mchezaji mwenye kasi na hisia za kufunga, ambaye hakupenda sana kusukumana na mabeki wakubwa, hapotezi silaha zake akirudishwa nyuma. Anapata umbali wa kuzitumia.

Umbali huo una faida nyingine. Mshambuliaji yuko tayari pale mabeki walipo. Wanamwona, wanamgusa, wanamhesabu. Beki anayepanda kutoka nusu yake ya uwanja hayumo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Pale Dortmund, mbele ya Piszczek alicheza Mpolandi mwenzake, Jakub Błaszczykowski, na watu wawili hawa walifanya kazi kama wenye nyumba wanaojuana: mmoja anafungua mlango, mwingine anaingia. Błaszczykowski anapokea mpira karibu na mstari, kisha anakata kuingia ndani, na beki aliyepewa kazi ya kumkaba anamfuata. Pembeni pamebaki patupu. Piszczek, aliyeanza kukimbia kabla pasi haijapigwa, anafika hapo akiwa tayari kwenye kasi kamili, ilhali anayejaribu kumzuia anaanza kutoka kusimama. Ndipo winga wa wapinzani anapolazimika kuchagua: ama arudi nyuma mita hamsini kumfuata beki, ama amwache apige krosi akiwa peke yake. Akirudi, timu yake imepoteza mshambuliaji.

Swali la haki hapa ni nani analinda nyuma mtu huyu akishapanda. Dortmund ya kocha Jürgen Klopp ilikuwa na desturi ya kukaba papo hapo mpira unapopotea, kabla mpinzani hajainua kichwa. Katika mpira wa namna hiyo, beki aliyepanda hahesabiwi kuwa ameacha lindo. Yeye ndiye aliye karibu zaidi na mpira uliopotea, na kwa kuwa amewahi kuwa mshambuliaji, anajua jinsi ya kumbana beki mwenye mpira. Wako pia wanaosema kwamba mshambuliaji wa zamani hukaba vizuri kwa sababu anayejua njia ya kutorokea ndiye anayejua pa kutega. Naona ukweli ndani yake, ingawa jambo hilo ni gumu kupimika kuliko mbio na krosi.

Matunda yake yalionekana: ubingwa wa Ujerumani mwaka 2011, kisha 2012 kwa pointi 81, zilizokuwa rekodi ya ligi hiyo wakati huo, pamoja na Kombe la Ujerumani kwa kuifunga Bayern Munich 5-2. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa timu ya taifa. Tarehe 11 Oktoba 2014, mjini Warsaw, Poland ilicheza na Ujerumani iliyokuwa imetwaa Kombe la Dunia miezi mitatu tu nyuma. Mapema kipindi cha pili Piszczek alikuwa upande wa kulia, akainua krosi kuelekea mbele ya goli. Kipa wa Ujerumani, Manuel Neuer, akatoka kuuwahi mpira, mshambuliaji wa Poland, Arkadiusz Milik, akamtangulia kwa kichwa na kufunga. Mchezo uliisha 2-0, na ulikuwa ushindi wa kwanza wa Poland dhidi ya Ujerumani katika historia. Itazame krosi ile kwa makini: imepigwa mahali ambapo mshambuliaji angeomba iwekwe.

Hata hivyo, haifai kumfanya Piszczek kanuni. Jordi Alba wa Hispania alipita njia inayofanana, kutoka winga hadi beki wa kushoto, lakini Gareth Bale wa Wales alikwenda kinyume chake, akaanza beki na kung'ara mbele. Na kazi hii hula mwili. Piszczek alicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya mwaka 2013 pale Wembley, ambayo Bayern ilishinda 2-1, huku nyonga ikimsumbua. Baada yake alifanyiwa upasuaji, akakaa nje kwa miezi. Kwa mtu ambaye mchezo wake wote ni kupanda na kushuka, nyonga si kiungo cha kuchezewa. Kadiri miaka ilivyosonga, kocha Thomas Tuchel alimtumia pia kama mmoja wa mabeki watatu wa nyuma, mahali penye mbio chache zaidi.

Aliichezea Poland mechi 66 na Dortmund mechi 382. Katika msimu wake wa mwisho alikuwa akisubiri benchi mara nyingi, lakini tarehe 13 Mei 2021, wiki tatu kabla ya kutimiza miaka 36, alianza katika fainali ya Kombe la Ujerumani ambayo Dortmund iliifunga RB Leipzig 4-1. Alianza kama beki wa kulia, ndani ya uwanja wa Olympia wa Berlin, uwanja wa nyumbani wa Hertha, ambako miaka kumi na moja kabla yake alishuka daraja. Kisha akarudi Goczałkowice-Zdrój, akavaa tena jezi ya timu ya kwao.