Kula Mchana, Kucheza Mpaka Usiku: Maswali na Majibu ya Afya kwa Waendao Sauti za Busara

Karibu kila Februari, tangu 2004, Mji Mkongwe wa Unguja hujaa wageni wa tamasha la muziki la Sauti za Busara. Wengi hushuka bandarini na boti za kutoka Dar es Salaam wakiwa na njaa, wakala cha mchana Darajani au vichochoroni, alasiri wakafuata gwaride la ngoma na beni, magharibi wakahamia bustani ya Forodhani, na usiku ukawakuta ndani ya kuta za Ngome Kongwe mbele ya jukwaa. Yote hayo hufanyika katikati ya kaskazi, wakati ambao joto la Unguja halina mzaha.

Sina nia ya kumtisha mtu na chakula cha mtaani. Chakula chetu ni kizuri, na wapishi wengi wanaijua kazi yao. Katika yote yanayofuata, jambo la kuliangalia kwanza ni muda: chakula kimekaa saa ngapi tangu kiondoke motoni, mwili umekaa saa ngapi juani, na sikio limekaa saa ngapi mbele ya spika.

Nimeshuka boti saa sita mchana, njaa inauma. Nitamjuaje muuzaji wa kumwamini?

Tazama moto kabla hujatazama chakula. Mishkaki inayogeuzwa mbele yako juu ya makaa, chapati inayotoka kwenye chuma, mchuzi unaotokota: hivyo ni vya kula. Vijidudu vingi hufa chakula kikifika nyuzi joto 70 mpaka ndani kabisa, si juu tu. Nyama ya kusaga na kuku ndivyo vya kuvikagua zaidi; pasua kipande, ukiona wekundu au maji ya damu, rudisha bila haya kiongezewe moto.

Kisha tazama mikono. Muuzaji anayepokea noti kwa mkono uleule anaoshikia kachori anakupa kachori pamoja na uchafu wa kila mfuko noti ile ilikopitia. Mwenye msaidizi wa kupokea pesa, au anayetumia koleo na kijiko, ana nafuu kubwa. Angalia na ndoo ya kuoshea sahani. Kama maji yamekuwa mazito na sahani zinachovywa tu na kutolewa, omba chakula chako kwenye karatasi au chombo kipya.

Foleni nayo ni dalili njema, kwa sababu pale penye wateja wengi chakula hakipati nafasi ya kulala. Na wewe pia nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula, maana mkono wako ndio ulioshika vyuma vya boti tangu asubuhi.

Je, urojo ni salama? Mgeni wangu amesikia sifa zake na anautaka.

Mpelekee, asikose. Lakini simama kidogo uangalie unavyotengenezwa. Ule mchuzi wa manjano wenye uchachu wa embe mbichi au ndimu ukiwa unafuka moshi, hauna neno. Bhajia na kachori zikiwa zimekaangwa muda si mrefu, vilevile.

Penye wasiwasi ni chatne ya nazi. Hii haipikwi. Nazi hukunwa, husagwa na pilipili na ndimu, pengine ikaongezwa maji, kisha ikakaa kwenye bakuli mezani. Asubuhi haina tatizo. Saa tisa alasiri, kwenye joto la nyuzi 32, bakuli lilelile limeshakuwa mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana. Muulize muuzaji imesagwa saa ngapi. Anayejali atakujibu bila kununa, na wengine wanayo iliyohifadhiwa kwenye barafu. Ukiwa na shaka, sema "bila chatne" na ufurahie vilivyobaki. Mayai ya kuchemsha yaliyomenywa tangu asubuhi yahesabu hivyohivyo. Na mwenye mzio wa karanga aulize mapema, kwa kuwa wapo wanaozitia.

Pilau imepikwa alfajiri na ipo kwenye hotpoti. Wakiipasha moto si inatosha?

Haitoshi kila wakati, na hapa watu wengi hudanganyika. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemka. Wali ukipoa ukabaki vuguvugu kwa saa kadhaa, mbegu hizo huchipua, bakteria wakaongezeka na kutoa sumu. Sumu hiyo haivunjwi na kupasha moto. Aliyekula huanza kutapika ndani ya saa 1 mpaka 6, na kwa kawaida hushangaa, kwa sababu wali ulikuwa wa moto na haukunuka hata kidogo.

Kanuni ni nyepesi: chakula kilichopikwa kibaki juu ya nyuzi 60, au kiwekwe kwenye baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo kisizidi saa 2, na kwenye joto kali kama la kaskazi afadhali kisizidi saa 1. Hotpoti nzuri iliyojazwa pilau ya moto sana hulihifadhi joto hilo kwa muda. Hotpoti inayofunguliwa kila dakika haiwezi. Kama sahani iliyoletwa mbele yako ni vuguvugu tu, iache.

Nilikula jodari wa kukaanga, nusu saa baadaye uso ukawa mwekundu, kichwa kikagonga na mwili ukawasha. Nina mzio wa samaki?

Huenda huna. Jodari, nguru na vibua wakikaa bila barafu baada ya kuvuliwa, bakteria huigeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, kemikali ileile inayotolewa na mwili wakati wa mzio. Kumkaanga samaki huyo hakuiondoi. Wengine husikia ladha kama ya pilipili kwenye ulimi, wengine hawasikii chochote. Kwa kawaida hali hupungua ndani ya saa chache, na dawa za mzio husaidia. Lakini ukivimba midomo, ukabanwa pumzi au ukaona kizunguzungu, nenda hospitali papo hapo. Hospitali ya Mnazi Mmoja haiko mbali na Ngome Kongwe.

Forodhani usiku, ambapo samaki, pweza na kamba hupangwa mezani chini ya taa, chagua meza yenye barafu na kipande ambacho bado hakijawekwa motoni, kisha simama mpaka kiive. Kile kilichochomwa tangu jioni na kinachorudishwa jikoni kupashwa kwa ajili yako kimeshapoteza saa zake nyingi pale mezani.

Nikikamulia ndimu na kutia pilipili nyingi, si vijidudu vinakufa?

Tindikali ya ndimu huvidhoofisha baadhi, lakini matone machache juu ya chakula hayaaminiki, na pilipili ni ladha tu. Moto na sabuni havina mbadala.

Ninywe nini, na kiasi gani?

Maji, na uanze kabla kiu haijaja. Ukiwa unatembea na gwaride au unacheza juani, bilauri moja kila dakika 20 hivi ni kipimo kizuri. Ukienda haja ndogo utazame rangi: ya majani makavu ni sawa, ya chai ya rangi ni onyo. Wazee wapewe maji hata wasipoomba, kwani umri ukienda kiu hupungua.

Dafu linalopasuliwa mbele yako ni kinywaji safi mno, maji yake yamefungwa na Mungu mwenyewe, na yana madini ya potasiamu. Mwenye figo dhaifu tu ndiye amuulize daktari wake kwanza. Juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu ni tamu kwelikweli, na wasiwasi wake ni barafu. Barafu iliyotengenezwa kwa maji yasiyo salama hubeba vijidudu vilevile. Kuganda hakuviui vyote. Uliza ilikotoka, au inywe bila barafu mara tu inapokamuliwa. Pombe, kwa anayekunywa, hukojoza na kuzidisha upungufu wa maji, tena humfanya mtu asitambue kwamba joto limemzidi.

Mwenzetu ameanguka kwenye gwaride. Tufanye nini?

Kama anazungumza vizuri, anatoka jasho jingi, kichwa kinauma na miguu imelegea, mtoeni juani, mlazeni, inueni miguu, mlegezeni nguo, mpeni maji kidogo kidogo. Nusu saa ikipita bila nafuu, hospitali.

Kama anaongea mambo yasiyoeleweka, hajui alipo, ana degedege au amezimia na mwili unawaka, hicho ni kiharusi cha joto. Joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40, na ubongo unaumia kila dakika inayopita. Anzeni kumpoza palepale huku mwingine anatafuta gari. Mwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa kanga, mkoba, chochote. Barafu ya muuza juisi iwekwe shingoni, kwapani na kwenye mapaja ya ndani. Msimnyweshe kitu asiyejitambua, kitampalia. Na waliomzunguka wasogee! Umati wa watu thelathini wanaoinama juu ya mgonjwa unamnyima upepo anaouhitaji.

Nikimaliza sahani ya biriani naweza kwenda kucheza moja kwa moja?

Hutadhurika, ila utajisikia mzito na huenda ukapata kiungulia. Kula kiasi, pumzika kivulini saa moja, ndiyo ukacheze. Mzee mwenye presha asiinuke ghafla baada ya mlo mkubwa, kwa kuwa damu nyingi huwa imekwenda tumboni na presha inaweza kushuka akaanguka.

Nina kisukari. Ndugu yangu ana siko seli. Tubaki nyumbani?

Nendeni, mkiwa mmejiandaa. Mwenye kisukari abebe dawa zake, na kama anatumia insulini isipigwe na jua. Iwekwe kwenye kifuko chenye ubaridi bila kugusana na barafu. Asiruke mlo kisha akacheza, maana sukari inaweza kushuka; awe na kitu kitamu mfukoni kwa dharura. Juisi ya miwa si ya kukatia kiu kwake, ni sukari iliyokamuliwa. Mwenye presha ajue kwamba chipsi, mishkaki na achari huja na chumvi nyingi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote.

Mwenye siko seli ndiye ninayemhofia zaidi. Kupungukiwa maji na kuchoka kupita kiasi kunaweza kumletea maumivu makali ya mifupa. Anywe maji siku nzima, akae kivulini, na apumzike kabla hajachoka. Maumivu yakianza, muziki usubiri.

Tumbo limeshaharibika. Sasa?

Nunua pakiti ya ORS, yaani dawa ya kurudisha maji mwilini, koroga kwenye lita 1 ya maji safi, kunywa polepole, hasa kila baada ya kuharisha. Ukikosa pakiti, tumia lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Antibayotiki usijinunulie, mara nyingi hazihitajiki. Mtoto aendelee kunyonya au kula, na apelekwe kituoni apewe na zinki.

Damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikokoma au kukosa mkojo ni sababu za kwenda hospitali. Choo kikiwa chepesi kama maji ya mchele na kinatoka kwa wingi, usingoje asubuhi. Kipindupindu kimewahi kuzuka Unguja na Pemba mara nyingi, na kinaweza kumuua mtu ndani ya saa chache akikosa maji mwilini. Hakuna aibu katika kukitaja. Aibu ni kumficha mgonjwa chumbani.

Muziki nao unadhuru? Si furaha tu?

Ni furaha, na tunataka muendelee kuusikia mkiwa na miaka 70. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo zinazopokea sauti. Zikifa hazioti tena. Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kwa kipimo kinachotumika kazini, sauti ya desibeli 85 inavumilika saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa hiyo ikifika 100, jambo la kawaida mbele ya jukwaa, zimebaki dakika 15. Wimbo mmoja mrefu wa dansi unaweza kuzimaliza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango kwa kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100, wasikilizaji wapatiwe vizibo vya masikio, na pawe na sehemu tulivu ya kupumzisha sikio.

Ngome Kongwe ina kuta ndefu za mawe, na sauti hurudi. Simama mbali na spika; katikati ya uwanja kuelekea nyuma hata muziki wenyewe husikika vizuri zaidi. Toka nje kila baada ya saa moja, ukanunue maji. Vizibo vya sponji ni vya bei nafuu: kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kiingize, kishikilie nusu dakika kijae. Pamba haizuii chochote cha maana.

Na mtoto wangu mdogo?

Gwaride atalipenda, akiwa kivulini na mbali na magari ya spika. Ukumbini usiku mvishe kinga ya masikio ya kufunika, saizi ya mtoto. Kama huna, mrudishe nyumbani mapema. Mtoto mchanga hana njia ya kukuambia masikio yanamuuma zaidi ya kulia, na kwenye kelele hutamsikia.

Nimeamka asubuhi masikio yanalia "nziii". Yatapona?

Mara nyingi mlio huo huisha ndani ya siku moja au mbili ukikaa mahali patulivu, kwa hiyo siku inayofuata usirudi mbele ya spika, wala usiweke vipokea sauti vya simu masikioni. Ukiendelea zaidi ya hapo, kapime masikio. Lakini kama sikio moja limeziba ghafla husikii kabisa au unasikia kwa mbali, usidhani ni nta na kungoja wiki ipite. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo, maana dawa ya kuokoa usikivu hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema.