Kukua katika Uongozi wa Kikristo: Maana Yake

Kukua katika uongozi wa Kikristo ni kuzidi kuwa mtu ambaye wengine, kwa kuwa karibu naye, wanamfuata Kristo vizuri zaidi na wao pia wanajifunza kuwaongoza wenzao. Cheo kinaweza kupanda bila mtu kukua. Mzee wa kanisa anaingia halmashauri ya usharika, kisha ya dayosisi, na bado hakuna hata mmoja aliyeimarika kupitia kwake. Ukitaka kujua kama kiongozi amekua, tazama waliomzunguka.

Kwangu mimi, mfano ulio wazi kuliko yote ni Barnaba, Mlawi wa Kupro. Sauli alipofika Yerusalemu baada ya kuokoka, wanafunzi walimkwepa, na walikuwa na sababu: huyu ndiye aliyekuwa akiwaburuta waumini gerezani. Barnaba akamchukua, akampeleka kwa mitume, akawaeleza mwenyewe yaliyompata Sauli njiani kwenda Dameski. Alimdhamini kwa jina lake zuri. Baadaye kazi ilipopanuka Antiokia, alifunga safari hadi Tarso kumtafuta, wakafundisha pamoja mwaka mzima.

Sasa angalia majina yanavyopangwa. Matendo ya Mitume sura ya 13 inaanza na Barnaba na Sauli. Kabla haijaisha, Paulo, yaani huyo huyo Sauli, anatajwa kwanza. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, haandiki popote kwamba Barnaba alinung'unika. Hapa ndipo wengi wetu tunakwama. Tunamfundisha kijana kwa furaha, hadi siku mahubiri yake yanapoanza kusifiwa kuliko yetu.

Malezi ya namna hii huonekana vizuri katika ibada za nyumba kwa nyumba. Kijana anaanza kwa kusoma somo. Akizoea, anaongoza sala. Siku inafika anatoa neno, na mwinjilisti ameketi mkekani pamoja na wenye nyumba, Biblia mapajani, hamkatizi hata akitaja mstari usio wenyewe. Marekebisho yanasubiri njiani, wakirudi wawili. Lakini huyo kijana anajifunza pia mengi asiyofundishwa kwa maneno: jinsi mlezi wake anavyosema na mkewe, anavyotoa hesabu ya sadaka, anavyoomba radhi. Ushawishi mwingi wa kiongozi unapitia huko.

Kanisa letu la Kilutheri Tanzania lina historia yake ya kupokezana uongozi. Mwaka 1964, huko Bukoba, Josiah Kibira alipokea kazi ya uaskofu kutoka kwa Bengt Sundkler, Mswidi. Mwaka 1977 mkutano mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, uliofanyika Dar es Salaam, ukamchagua Kibira kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Kukua hakumwondolei mtu migongano. Barnaba na Paulo walishindana vikali juu ya Yohana Marko, aliyewaacha Pamfilia katikati ya safari. Paulo hakutaka kwenda naye tena. Barnaba akamchukua wakasafiri kwa meli hadi Kupro, na hapo Matendo inaacha kumtaja Barnaba. Lakini katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo, akiwa mfungwa, anaagiza aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa katika utumishi.