Je, uchoraji dhahania ni kimbilio la asiyejua kuchora?

Wengi huamini kwamba uchoraji dhahania, ule usioonyesha mtu, mti wala nyumba, ni wa walioshindwa kuchora vitu vikafanana. Imani hiyo inaeleweka: mfanano ndicho kipimo tulichozoea tangu utotoni.

Lakini mfanano ukiondoka, maamuzi hayapungui. Mstari uwe mzito au mwembamba? Nafasi tupu ibaki wapi? Rangi ya chungwa ikikaa kando ya buluu, zote mbili huonekana kali zaidi.

Jaribu mwenyewe. Kata miraba minne ya karatasi nyeusi, uipange juu ya karatasi nyeupe mpaka uone msongamano. Kisha ipange upya mpaka uone upweke. Hukuchora kitu chochote, ila jicho limesoma hisia. Mimi jaribio hili halijawahi kunichosha.

Halafu chora mkono wako kwa penseli, dakika 5 kila siku kwa mwezi mmoja, bila kufuta. Kutofuta ndiko kunakoleta uhuru, maana mkono huacha kuogopa kosa. Linganisha mchoro wa kwanza na wa mwisho. Wachoraji wengi wa dhahania huanzia kwenye michoro ya namna hiyo, wakaipunguza kidogo kidogo hadi ukabaki mwendo wa mistari tu.